Jinsi ya kuchagua chuo cha kusomea uinjinia wa petroli, kwa wadogo zangu wa Mtwara na Lindi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu simu yangu haipumziki, na maswali ni yaleyale kila mwaka. Kaka, chuo gani kizuri cha petroli? Kaka, hivi huku kwetu hakuna chuo cha gesi? Kaka, nina D ya hesabu, watanichukua kweli? Mzazi naye anapiga usiku anauliza huyu kijana akimaliza atapata kazi kiwanda cha gesi cha Madimba au ndo atarudi kukaa na cheti ndani. Nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, usome taratibu, ukikwama urudi tena juu.

Hilo la chuo cha gesi huku kwetu ngoja nilijibu mapema kwa sababu linawachanganya wengi. Gesi ni ya kwetu kweli, ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay pale Msimbati 1982, na bomba la kwenda Dar linaanzia Madimba. Ila digrii ya uinjinia wa petroli husomi Mtwara wala Lindi, utapanda basi tu. Gesi kuwa nyumbani kuna faida yake kubwa, lakini faida hiyo inakuja wakati wa fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) na siyo wakati wa kuchagua chuo, nitaeleza mbele kwenye hatua ya 5 na hiyo usiiruke.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita pamoja na namba za mtihani za vyote viwili. Wa stashahada uwe na namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ile wanayoiita AVN.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Kama mzazi mmoja au wote wamefariki, na vyeti vya vifo vihakikiwe pia.
- Namba ya NIDA.
- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha MWAKA HUU, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, pakua kwenye simu. Cha mwaka jana ulichotumiwa na rafiki kifute kabisa maana vigezo vinabadilika.
- Barua pepe na laini ya simu yako mwenyewe. Siyo ya jamaa wa steshenari, siyo ya mjomba.
- Pesa ya ada ya maombi kwa chuo zaidi ya kimoja.
- Daftari moja la kuandikia nywila, namba za maombi na tarehe za mwisho.

Kwenye majina kaa makini sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha NECTA kinasema Said, NIDA wameandika Seif, halafu unashangaa mfumo wa mkopo unakukataa. Kalinganishe majina herufi kwa herufi leo, na kama yanapishana anza kushughulikia kiapo mapema kabla dirisha halijafunguliwa, maana likishafunguliwa foleni zinakuwa ndefu kila ofisi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni petroli kweli unayoitaka

Wengi wanaoniambia "nataka petroli" ukiwauliza injinia wa petroli anafanya nini asubuhi akifika kazini wanakaa kimya, na siyo kosa lao, hakuna aliyewaambia. Kazi yake kubwa iko chini ya ardhi. Anapanga kisima kichorongwe vipi, anakadiria gesi iliyomo kwenye miamba ni kiasi gani na itatoka kwa kasi gani, anaangalia kisima kinachozalisha kisichoke haraka. Ni hesabu nyingi, fizikia nyingi na kukaa sana mbele ya kompyuta, tofauti na ile picha ya kofia ngumu na ovaroli.

Sasa angalia Madimba. Gesi inatoka visimani Msimbati ikiwa na maji na vimiminika vingine, inafika kiwandani inatenganishwa, inakaushwa, halafu inaingia kwenye bomba la inchi 36 kuelekea Dar. Kazi za kila siku za kiwanda cha namna ile ni za kuangalia mitambo, vali, presha, umeme, vifaa vya kupimia. Wanaozifanya wengi wamesoma mekanika, umeme, kemikali na usindikaji, au ni mafundi mchundo kabisa. Kwa hiyo kama ndoto yako ni "kufanya kazi Madimba" basi petroli siyo njia pekee, na kwa maoni yangu wala siyo njia fupi kuliko zote.

Kwa hiyo weka mezani kozi zote za ukoo huu: uinjinia wa petroli, jiolojia ya petroli (huyu ndo anatafuta gesi iko wapi), kemia ya petroli, uinjinia kemikali na usindikaji, mekanika, umeme. Andika mbili za kwanza kwa moyo wako na moja ya akiba. Usiandike petroli peke yake.

Na kuhusu LNG ya Likong'o (mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika ili isafirishwe kwa meli) niseme kitu maana wazazi wengi wa Lindi wanapanga maisha ya watoto kwa kuutazama huo mradi. Gesi iliyogunduliwa nchini inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, kubwa kweli, na sehemu kubwa yake iko kwenye bahari ya kina kirefu, ndo hiyo inasubiri LNG. Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, lakini kuanzia hapo mazungumzo ya mkataba wenyewe yamekuwa ya mwendo wa polepole. Digrii ni miaka minne. Usichague kozi kwa kuhesabu kwamba mtambo utakuwa tayari siku unayovaa joho, chagua kozi ambayo hata mtambo ukichelewa bado una pa kushika. Bei ya mafuta duniani nayo huwa inaangusha ajira ghafla, kati ya 2014 na mwanzoni mwa 2016 pipa lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 mpaka chini ya 30, na 2021 Chuo Kikuu cha Calgary, ambacho kiko kwenye mji wa mafuta wa Kanada, kilisimamisha kupokea wanafunzi wapya wa digrii ya kwanza ya uinjinia wa mafuta na gesi kwa sababu waombaji walipungua. Sikwambii ili uogope. Nataka uingie ukijua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi zako kabla ya kuota jina la chuo

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili (ufaulu wa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 kwenye yale masomo mawili ambayo kozi inayataja. Kwa uinjinia masomo yanayobeba ni hesabu ya Advansi (Advanced Mathematics) na fizikia, na kemia inaangaliwa kwa namna inayotofautiana chuo na chuo.

Mfano, Advansi D na fizikia D, hapo ni 2 na 2, una 4, mlango uko wazi. Advansi E na fizikia C ni 1 na 3, nayo ni 4. Advansi E na fizikia E ni 2 tu, hata kama una B ya kemia usijidanganye, soma kigezo kwanza.

Lakini kigezo cha chini ni cha kukuruhusu kuomba, siyo cha kukuhakikishia nafasi. Nafasi zina idadi na wanachukua kuanzia juu kushuka. Mwenye pointi 4 aombe, ila aweke na kozi za akiba.

ANGALIA HAPA: Wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), BAM (Basic Applied Mathematics) siyo Advansi. Kila mwaka kuna mtoto analipia maombi ya uinjinia akiwa na BAM na pesa inaenda hivohivo. Wa PGM (fizikia, jiografia, hesabu) nawe soma kama kozi inataka kemia, hata ya kidato cha nne. Wa stashahada, kiwango cha jumla ni GPA 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na stashahada yenyewe iwe ya fani inayoendana, mtu wa stashahada ya biashara hawezi kuingilia huku.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha kutoka kwenye kitabu cha TCU na siyo kutoka mtaani

Fungua kile kitabu, tafuta neno "Petroleum". Utaona UDSM ya Dar na UDOM ya Dodoma, hivi viwili ndo vyuo vya umma ambavyo wanangu wa Kusini wengi wanaishia navyo kwa petroli. Angalia na taasisi nyingine zilizoorodheshwa mwaka husika zenye kozi za mafuta na gesi. Isipokuwepo mle ndani, kwako haipo.

Kila kozi ina mstari wake, na mstari una vyumba. Watu wanasoma jina la kozi wanafunga kitabu. Soma vyote:

Chumba cha vigezo kinakwambia masomo gani na kwa alama gani, soma mpaka nukta ya mwisho maana neno "na" na neno "au" hapo yanabadilisha kila kitu. Chumba cha pointi za chini za chuo, chuo kinaweza kuweka juu ya zile 4 za TCU. Chumba cha idadi ya nafasi, hiki ndo kinakupa picha ya ushindani. Cha mwisho ni miaka, na kwa uinjinia inatakiwa uone 4.

Nakili kwenye daftari. Ukimaliza utakuwa na kozi tano sita za vyuo viwili au vitatu, inatosha, usijaze ishirini.

Hatua ya 4: Kagua ithibati, ya TCU na ya ERB

TCU ndo inasema chuo na kozi vinatambulika. ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ndo itakayokusajili baadaye kama mhandisi, na ukimaliza digrii kuna mpango wao wa mafunzo kazini wa miaka mitatu unaoitwa SEAP kabla hujawa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo uliza chuoni swali moja kwa lugha nyepesi: "Wahitimu wenu wa kozi hii wanasajiliwa ERB kama wahandisi wahitimu?" Jibu linatakiwa liwe ndiyo bila kuzungukazunguka.

Msidhani hili ni jambo la kinadharia. 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mkupuo, na waliokuwa wameshapanga kwenda huko ikabidi waanze upya. Ukiona kijarida kizuri cha rangi kinachosema "kozi za mafuta na gesi, ajira za uhakika" halafu kozi haimo kwenye kitabu cha TCU, weka chini uondoke.

Hatua ya 5: Pima chuo kwa maswali ya mkono, hasa fildi

Hii ndo hatua ninayotaka uipe muda kuliko zote. Kuchagua chuo kwa jina ni sawa na kununua korosho kwa kutazama gunia bila kupasua punje.

Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa kozi ileile, siyo wa chuo kilekile tu. Ukiuliza shuleni kwako ulikosoma, Ndanda, Mtwara Ufundi, popote, hukosi aliyekutangulia, na watu wa Kusini tukiwa mbali tunasaidiana. Mpigie, msalimie vizuri, usimuulize "chuo kizuri?" maana atakwambia kizuri tu, nani anatukana kwao. Muulize hivi:

Fildi mwaka jana ulienda wapi na nani alikutafutia, chuo au wewe mwenyewe? Ulishika nini kwa mkono wako kule, au mlizungushwa tu mkapiga picha? Kwenye maabara ya tope la kuchorongea, mlipima uzito na unene wake wenyewe au mwalimu alipima mkaandika majibu yake? Umeshawahi kupima kipande cha mwamba ujue kina nafasi kiasi gani za kubeba gesi? Programu za kompyuta za kuiga mwenendo wa gesi ardhini kama Petrel na Eclipse zipo, na leseni yake inafanya kazi mwaka huu au ilikwisha? Kwenye darasa lenu mlianza wangapi na sa hivi mko wangapi?

Hilo la mwisho linauma lakini uliza. Mwaka wa kwanza wa uinjinia hesabu ni nzito kuliko Advansi, wapo wanaokula sapu nyingi (mitihani ya kurudia) na wapo wanaodisko (wanaoondolewa chuoni), na chuo ambacho kina wakufunzi wa kusaidia jioni ni tofauti na chuo ambacho kila mtu anajijua. Uliza pia kama kuna tawi la wanafunzi la Society of Petroleum Engineers linalofanya kazi kweli, maana huko ndo mnakutana na watu wa kampuni, mnaona mada zinawasilishwaje, na Kiingereza cha kazi kinakomaa.

Sasa ile faida niliyosema mwanzo. Mtoto wa Mtwara au Lindi anapofika kwenye fildi ana kitu ambacho mwenzake wa Bukoba hana, ana kwao. Mwenzio akipata nafasi Madimba au Songo Songo anaanza kutafuta chumba cha kupanga na hela ya kula, wewe unalala Magomeni ya Mtwara kwa mama, au kwa shangazi yako Kilwa. Tatizo letu ni kwamba tunasubiri. Fildi nyingi ni kipindi cha likizo ndefu katikati ya mwaka, na barua tunapeleka wiki mbili kabla, nafasi zishaisha. Mwaka wa kwanza ukiisha tu jua ofisi gani zinapokea wanafunzi, na Januari au Februari barua yako ya chuo iwe imeshafika, TPDC (shirika la petroli la taifa), kampuni zinazoendesha visima, mitambo ya umeme inayotumia gesi, hata karakana kubwa ya mashine nayo ni fildi. Kwa hiyo katika kupima chuo, uliza barua za fildi zinatoka mwezi gani. Chuo kinachotoa barua mapema kitakubeba sana wewe mtu wa Kusini.

Kuna mzazi huwa anasema sheria inawataka wenye kampuni waajiri wenyeji. Kanuni za mwaka 2017 za ushirikishwaji wa wazawa kwenye petroli zinatanguliza Watanzania, ni kweli kabisa, lakini Mtanzania ni yule wa Kagera pia. Usitegemee kuzaliwa karibu na kisima. Tegemea transkripti na fildi.

Hatua ya 6: Hesabu ya pesa, ukae na wazazi mezani

Andika ada ya mwaka, michango ya chuo, bima, malazi, chakula, vitabu na kikokotozi, nauli. Chukua takwimu kwenye barua au tovuti ya chuo chenyewe mwaka huu, siyo za kaka aliyesoma zamani. Nauli usiidharau, Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, na ukipangiwa Dodoma unaunganisha tena kilomita kama 450. Kuna wakati njia yenyewe inakatika, Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara upande wa Lindi watu wakalala njiani, kwa hiyo usipange kusafiri siku moja kabla ya mtihani.

Familia za korosho sikilizeni hapa. Minada inaanza Oktoba, na vyuo vinafungua kipindi hichohicho mpaka Novemba, halafu mkulima akishauza haimaanishi pesa imeingia kwenye akaunti siku hiyo. Ada ya awamu ya kwanza na nauli na godoro vinatakiwa viwepo KABLA. Njia inayofanya kazi ni kutenga kutoka kwenye msimu uliopita, au kuongea na chuo kulipa kwa awamu, vingi vinaruhusu, lakini soma barua ya kujiunga inasema asilimia ngapi kabla ya kusajiliwa. Unalipa kwa kontro namba tu. Mtu yeyote anayekwambia tuma kwenye namba yake ya simu ili "akushikie nafasi" ni tapeli, hata kama anajua jina lako kamili na pointi zako.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaombwa peke yake mtandaoni, chuo hakikuombei. Fomu unaprinti, inasainiwa na serikali ya mtaa au kijiji, na mdhamini, na hakimu au wakili, halafu inaskaniwa inapandishwa tena. Kurasa moja ikikosa muhuri maombi yako hayajakamilika. Usiache jamaa wa steshenari ajaze peke yake wewe umekaa nje, kaa pembeni yake usome kila kisanduku, hasa vya hali ya familia. Na mjue mapema kwamba mkopo unarudishwa, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa wafuatilie Samia Skolashipu, ilianza mwaka wa masomo 2022/23 na inalipia masomo bila deni.

Bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likichelewa mwezi wa kwanza, na huwa linachelewa, uwe na akiba ya kula wiki kadhaa.

Hatua ya 7: Kama unafikiria nje ya nchi

Nje kuna vyuo vyenye historia ndefu kwenye fani hii, Texas A&M kule Marekani, Heriot-Watt ya Edinburgh, NTNU ya Trondheim Norwei, Gubkin ya Moscow, China University of Petroleum, Universiti Teknologi PETRONAS ya Malaysia, na hapa Afrika kuna KNUST ya Kumasi Ghana. Lakini kwa familia ya kawaida ya Masasi au Nachingwea njia ni skolashipu tu. Ya serikali ya China na ya Urusi ndo tunazoziona zikichukua vijana wetu, na mara nyingi kuna mwaka mzima wa kusoma lugha kwanza, kwa hiyo miaka minne inakuwa mitano. Norwei zamani ilikuwa bure, tangu vuli ya 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada, msidanganywe na video za zamani.

Kabla hujaondoka chukua barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi cheti chako kitahitaji kutambuliwa na TCU kabla ERB hawajakuangalia. Mawakala wanaokusanya ada ya "kushughulikia" halafu hawatoi risiti, kaa nao mbali. Barua ya chuo ikija, andika mwenyewe barua pepe kwenye anwani iliyoko tovuti ya chuo uulize kama ni ya kweli, wanajibu.

Ushauri wangu wa wazi: digrii ya kwanza soma nyumbani, nje uende kwa ya pili ukiwa na uzoefu. Soko unaloanza nalo ni la hapa, na fildi za hapa ndo zinakujulisha kwa watu.

Hatua ya 8: Omba, halafu thibitisha

Tangu 2017 maombi yanaenda chuo kwa chuo moja kwa moja, hakuna mfumo mmoja wa TCU wa kuombea vyote. Fungua akaunti kila chuo, panga kozi kwa mpangilio wa daftari lako, lipa, pakua risiti. Omba raundi ya kwanza, usisubiri ya pili maana kozi zenye watu wengi zinajaa.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja LAZIMA uthibitishe kimoja kwa msimbo unaotumiwa kwenye simu, ndani ya siku walizotangaza. Hapa ndo wanapopotea watu wengi kuliko sehemu yoyote: msimbo ulienda kwenye laini ya mjomba aliyeko shambani Tandahimba ambako mtandao wa shida, siku zimeisha, nafasi imeenda. Ndo maana nilikwambia laini iwe yako, na kipindi hicho iwe na chaji na uwe sehemu yenye mtandao.

Ukikwama

*Pointi hazitoshi.* Una njia mbili za heshima. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye lile somo lililokuangusha, au kwenda stashahada ya ufundi, mekanika, umeme, au Chuo cha Madini Dodoma, ukitoka na GPA nzuri unaingia digrii ukiwa tayari unajua kushika spana. Na VETA ya Mtwara au ya Lindi siyo aibu hata kidogo, fundi mzuri wa kuchomelea mabomba anatafutwa kwenye viwanda vya gesi kabla ya injinia asiyejua kitu.

*Umekosa mkopo.* Kuna dirisha la rufaa. Kata rufaa na vielelezo vipya, siyo maneno ya huruma peke yake. Kama ni muhuri au hati iliyokosekana, rekebisha hiyo kwanza.

*Wazazi wanasema petroli siyo kazi ya mtoto wa kike.* Dada yangu, waoneshe sehemu kubwa ya kazi inafanyika ofisini na maabara, kompyuta na ripoti. Mtafute dada mmoja aliyeko mwaka wa nne aongee na mama kwa simu, mama kwa mama wanaelewana kuliko wewe kubishana na baba. Mabweni ya ndani ya chuo yakiwepo taja hilo mapema, linawatuliza.

*Umeingia petroli, mwaka wa kwanza hesabu zinakushinda.* Usijifiche mpaka sapu tatu. Tafuta kikundi cha kusolvia maswali wiki ya pili, kopi za mitihani ya nyuma zipo, na mkufunzi msaidizi mfuate ofisini na swali maalum ulilokwama, usiende na "sielewi topiki nzima".

*Umechaguliwa chuo unachotaka ila kozi nyingine.* Kama ni mekanika, kemikali au umeme, fikiri mara mbili kabla hujalia, soma tena hatua ya 1. Kama ni fani ya mbali kabisa na hesabu zako zinakidhi vigezo vya petroli, vyuo vina kipindi cha kuhama kozi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, nafasi zikiwepo. Kipindi chenyewe ni kifupi, kwa hiyo ripoti siku ya kwanza, maliza usajili, halafu nenda ofisi ya udahili asubuhi na matokeo yako ya NECTA yaliyoprintiwa, jaza fomu ya kuhama, omba ithibitishwe na mkuu wa idara unayotoka na unayokwenda, na usiache kuhudhuria vipindi vya kozi uliyopangiwa mpaka jibu litoke kwa maandishi. Na Bodi ya Mikopo uwajulishe kama kozi imebadilika, la sivyo bumu litaendelea kusoma kozi ya zamani.